MP3 au FLAC kwenye kadi yako? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nina meza, kompyuta moja, deki mbili za kaseti na bakuli la kadi za simu ambazo wenyewe hawajarudi kuzichukua. Kazi yangu ni kuhamisha muziki kutoka kwenye kaseti, CD na santuri kwenda kwenye kadi, flashi na simu. Maswali huwa yale yale asubuhi mpaka magharibi, na mengine huulizwa nikiwa nimeng'ata waya mdomoni, kwa hiyo nimeyaandika pamoja na majibu yake.

"Kaka, niwekee zile kubwa kubwa." Kubwa zipi?

Hilo ndilo ombi la kwanza la kila siku. Mtu ameambiwa faili kubwa ndilo lenye sauti nzuri. Ni kweli, ila ni kweli ya nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomjazia kadi bure.

Kuna fomati, yaani namna za kuhifadhi sauti ndani ya faili, za aina mbili. Ya kwanza mimi naiita kamili: ukilifungua faili unapata sauti ile ile iliyoingia, biti kwa biti. WAV ni kamili na haibani chochote. FLAC na ALAC nazo ni kamili, ila zinabana kama mama anavyokunja nguo za safari: sanduku linafunga, na ukifika unakunjua, hakuna kifungo kilichopotea.

Ya pili naiita pungufu: MP3, AAC, Vorbis, Opus. Hizi hupunguza mzigo kwa kuacha vitu nyumbani. Zinatafuta kile ambacho sikio halitakigundua, kwa mfano mlio mdogo uliofunikwa na mlio mkubwa wa wakati ule ule, zinakitupa. Kilichotupwa hakirudi. Nikisema pungufu sitoi tusi, maana upo upungufu ambao hutausikia mpaka unaingia kaburini.

Kwa nini WAV inakula nafasi hivyo?

CD huhifadhi vipimo 44,100 vya sauti kila sekunde, kila kipimo biti 16, tena mara mbili kwa sababu ya kushoto na kulia. Zidisha upate kilobiti 1,411 kwa sekunde, yaani kama MB 10.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB 42. Wimbo wa taarabu wa dakika 15, ambao mwimbaji hajafungua kinywa mpaka dakika ya nne, ni karibu MB 159.

FLAC huushusha mzigo huo hadi kati ya nusu na theluthi mbili, kutegemea muziki wenyewe. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ni MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo taarabu ile inakuwa MB 36. MP3 ya kilobiti 128 inakuwa MB 14 na kitu.

WAV sikuwekei kwenye kadi hata ukinibembeleza. FLAC inatoa sauti ile ile kwa nafasi ndogo, tena inabeba jina la mwimbaji, albamu na picha bila matatizo, wakati kwa WAV vifaa vingi havisomi maelezo hayo.

Kadi ya GB 32 inaingia nyimbo ngapi?

Tuseme kila wimbo ni dakika nne. FLAC zitaingia kama 1,100 au 1,200. MP3 za kilobiti 320 zitaingia kama 3,300, za 192 kama 5,500. Opus au AAC za kilobiti 128 ni zaidi ya 8,000. Kabla hujashangilia hiyo ya mwisho, nitajie nyimbo mia mbili ulizosikiliza mwezi uliopita.

Nitasikia tofauti au ni maneno ya mafundi?

Inategemea mambo matatu: kilobiti ngapi, programu gani ilibana, na unasikilizia wapi.

Chukua kayamba. Zile punje zikitikiswa ni mlio wa juu uliotawanyika, hauna umbo, na fomati pungufu huuchukia kupita kiasi. Ukibana rekodi yenye kayamba kwa MP3 ya kilobiti 64, punje zinapotea, kinabaki kitu kama maji yanayozunguka kwenye beseni. Kwa 128 bado utaisikia ile hali ya unyevunyevu, hasa kayamba likipigwa pamoja na matoazi. Jaribio jingine ni kanuni, ile ya taarabu. Kila uzi ukidonolewa unaanza ghafla, na MP3 ya kilobiti chache hutanguliza kivuli cha mlio kabla ya mlio wenyewe. Badala ya "ti!" unasikia "shti!". Ukishaonyeshwa mara moja hutaacha kuisikia, na mimi aliyenionyesha sijamsamehe mpaka leo.

Panda sasa kwenye kilobiti nyingi. MP3 iliyotengenezwa na programu ya LAME kwa kiwango cha V2, wastani wa kilobiti 190, inawashinda watu wengi kuitofautisha na FLAC. V0, karibu na 245, inawashinda karibu wote. Opus, iliyosanifiwa rasmi 2012, inafika huko kwa kilobiti chache zaidi. Kwa 128 mimi siitofautishi na FLAC.

Nimejuaje? Nilijipima. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure iitwayo foobar2000, na ina nyongeza ya majaribio ya kufumba macho. Inakuchezea A, inakuchezea B, kisha X, nawe useme X ni ipi. Nilirudia mara 16 kwa V0 na FLAC, nikapata 9. Ningerusha shilingi ningepata hivyo hivyo.

Siku moja alikuja mzee mmoja, mpiga fidla wa miaka mingi, akasema, "Mwanangu, hizi MP3 zako zina sauti ya bati." Nikamchezea wimbo mara mbili, nikamwambia wa pili ni FLAC. Akafumba macho akatikisa kichwa: "Umeona? Huo wa pili ndio muziki." Zote mbili zilikuwa MP3 ile ile. Sikumwambia, shikamoo yangu ingekuwa ya kinafiki. Nikamwekea FLAC, akaondoka na furaha yake.

Na mahali pa kusikilizia ni hoja kubwa kuliko zote. Ndani ya daladala, dirisha likigonga na kondakta akiita abiria, hakuna sikio linalochambua kilobiti 192 na 1,411. Ukiwa na pesa ya kuboresha kitu kimoja, nunua hedifoni nzuri kabla hujanunua kadi kubwa.

Nikibadilisha MP3 zangu kuwa FLAC zitapona?

Hapana. Ni kupiga fotokopi ya fotokopi kwenye karatasi ya bei ghali. Faili linanenepa, sauti inabaki pale pale.

Chenye hatari ni kubadilisha pungufu kuwa pungufu nyingine. Ukibadilisha MP3 kuwa AAC, kisha AAC kuwa Opus, kila hatua inatupa kitu chake. Anza na FLAC kila unapotaka nakala pungufu mpya.

Nimenunua FLAC kibandani, nitajuaje kama ni ya kweli?

Swali la muhimu, maana FLAC za uongo ni nyingi. Mtu anashusha MP3, anaipitisha kwenye kibadilishi, jina linaishia na .flac, bei inapanda. Niliwahi kuuziwa flashi nzima ya namna hiyo, ndipo nikajifunza kuangalia kabla ya kulipa.

Tumia programu ya bure iitwayo Spek. Ukiliburuta faili humo inakuchorea picha ya sauti: muda unakwenda kulia, masafa (wembamba wa mlio, unaopimwa kwa kilohezi) yanapanda juu. Rekodi ya CD ya kisasa huwa na rangi mpaka karibu kilohezi 20 au 22. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida hukatwa karibu kilohezi 16, na mkato wake umenyooka kama ukingo wa meza. Ukiuona ukingo huo kwenye kitu kinachoitwa FLAC, umepigwa.

Lakini usimgombeze muuzaji haraka. Redio ya FM yenyewe huishia kilohezi 15, kwa hiyo kitu kilichonaswa redioni kitakuwa na ukingo hata kama kimehifadhiwa kwa uaminifu. Kaseti iliyochoka nayo haina kitu huko juu, ila yenyewe hufifia taratibu badala ya kukatika. Santuri za zamani ni hivyo hivyo. Angalia chanzo kwanza, halafu picha.

Na zile za YouTube zilizoandikwa "320"?

YouTube hutoa sauti kwa AAC ya takriban kilobiti 128 au Opus isiyozidi kama 160. Tovuti inayokupa "MP3 320" kutoka huko imechukua kitu cha 128 ikakimimina kwenye ndoo ya 320. Ndoo ni kubwa, maji ni yale yale, tena mengine yamemwagika wakati wa kumimina. Na wanamuziki wetu hawapati hata senti kwa njia hiyo, tukiwa tunasemana ukweli.

Nina kaseti za marehemu baba. Nizihifadhi kwa fomati gani?

FLAC, bila mjadala. Hapa ndipo napandisha sauti, mimi niliyekwambia hutasikia tofauti. Kaseti hiyo huenda ikachezwa vizuri mara moja tu iliyobaki katika maisha yake. Ukiirekodi kwa MP3 umechukua nafasi yake ya mwisho ukaipunguza. Kesho ukitaka kuondoa mvumo au kuigawa nyimbo nyimbo, programu za kusafisha zitakuwa zinafanya kazi juu ya kitu ambacho kimeshanyofolewa, na yale makovu ya kubana yatajitokeza wazi.

Fomati lakini ndiyo sehemu ndogo ya kazi. Kwanza safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Ikitoka na rangi ya kahawa, endelea mpaka itoke nyeupe. Ipeleke kaseti mpaka mwisho kisha uirudishe, utepe ulegee. Halafu kuna parafujo ndogo pembeni ya kichwa. Kaseti iliyorekodiwa kwenye deki nyingine mara nyingi haikai sawa na kichwa chako, na sauti inatoka kama mtu anazungumzia ndani ya blanketi. Weka kompyuta icheze kwa chaneli moja, kushoto na kulia zikiwa zimechanganywa, halafu zungusha parafujo kidogo sana, robo ya robo, ukisikiliza herufi "s" za mwimbaji. Kuna sehemu blanketi linaondolewa ghafla. Simama hapo hapo. Robo hiyo ya robo inakupa sauti nyingi kuliko tofauti yote ya MP3 na FLAC.

Rekodi kwa biti 24 ili uwe na nafasi ya kosa, na usiache mshale wa kipimo cha sauti ufike juu kabisa. Mimi huacha desibeli sita. Ukimaliza hifadhi FLAC, nakala mbili, moja isikae nyumba ile ile.

Utashangaa kwamba FLAC ya kaseti wakati mwingine ni kubwa kuliko ya CD. Ni mvumo wa utepe. Mvumo hauna mpangilio, na kisicho na mpangilio hakikunjiki. FLAC haijui kwamba wewe huutaki, inautunza wote.

Santuri za zamani za chaneli moja je?

Zile sahani za mizunguko 78, za zama za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zina chaneli moja tu. Ukizinasa kwa sindano ya stereo, chaneli ya pili inakuletea mikwaruzo zaidi, muziki ni ule ule. Hifadhi rekodi ghafi kama ilivyo, kisha tengeneza nakala ya chaneli moja. Nakala hiyo inachukua takriban nusu ya nafasi.

Simu yangu itacheza FLAC?

Android za kisasa zote zinacheza, Opus pia. iPhone zilianza kuitambua FLAC na iOS 11 mwaka 2017, ila programu yake ya Muziki inataka ALAC. Usihofu: ALAC ya Apple, iliyofanywa huria 2011, nayo ni kamili. Ukibadilisha FLAC kuwa ALAC na kurudi mara mia, hupotezi hata biti moja.

Kiswaswadu chenye batani ni hadithi nyingine. Hapo weka MP3, tena ya kawaida. Redio za magari na zile sabufa zenye tundu la flashi nazo vivyo hivyo: MP3 huchezwa popote, nyingine ni bahati nasibu. Tena vifaa vingi vya namna hiyo havisomi kadi kubwa kuliko GB 32 wala iliyopangwa (format) kwa mfumo wa exFAT, kwa hiyo ipange kadi kwa mfumo wa FAT32, na majina ya nyimbo yaanze na 01, 02, 03, la sivyo zitachezwa kwa mpangilio wa ajabu.

Wenye iPod za zamani au vichezeo vidogo vya Sansa, tafuteni Rockbox. Ni programu huria inayochukua nafasi ya ile ya kiwandani, na kifaa ambacho hakikuijua FLAC kinaanza kuicheza.

Nasikia MP3 imekufa?

Aprili 2017 taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, iliyoshiriki kuibuni, ilifunga mpango wake wa leseni kwa sababu hataza zilikuwa zimeisha muda. Magazeti yakaandika tanzia. Kilichotokea ni kwamba imekuwa ya bure kwa kila mtu. Maiti wa namna hiyo sijapata kumwona.

Ninatumia hedifoni za Bluetooth. FLAC ina faida?

Ndogo mno. Bluetooth inabana upya kabla ya kurusha. SBC, namna ya kubana ambayo kila hedifoni ya muziki ya Bluetooth inayo, kwa kawaida haizidi kilobiti 328. LDAC ya Sony inafika 990 mambo yakiwa mazuri, nayo bado ni pungufu. Kwa hiyo FLAC yako inafika sikioni ikiwa imeshapunguzwa. Kwa wasiotumia waya, AAC ya 256 au MP3 ya V0 inatosha kabisa.

Na faili za biti 24, kilohezi 192, yaani vipimo 192,000 kwa sekunde?

Kwa kurekodi, biti 24 zina maana, nimeshasema. Kwa kusikiliza mfukoni, la. Sikio la kijana huishia karibu kilohezi 20, na vipimo 44,100 kwa sekunde vinatosha kufika huko. Aliyevuka hamsini mara nyingi hata 15 haisikii. Faili la 192 linakula nafasi kwa ajili ya popo.

FLAC inamaliza chaji haraka?

Si kwa kiasi cha kukusumbua. Kuifungua FLAC ni hesabu nyepesi, na kile kiwango cha kubana cha 0 mpaka 8 hakigusi sauti hata kidogo. Kioo cha simu kinakula chaji kuliko muziki wote.

Bando je?

Hapo ndipo inauma. Saa moja ya muziki kamili mtandaoni ni MB 400 au zaidi. Saa moja ya kilobiti 128 ni chini ya MB 60. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako uangalie, maana zipo zilizowashwa kiwango cha juu bila wewe kujua.

Kwa nini miksi yangu inakatika kidogo kati ya wimbo na wimbo?

MP3 huongeza ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni mwa faili, na si kila kichezeo kinajua kuuruka. Kwenye nyimbo za kawaida huoni kitu. Kwenye onyesho la jukwaani au miksi iliyogawanywa vipande, unasikia mkatiko mdogo kila kipande kinapoishia. FLAC haina tabia hiyo. Au acha onyesho zima liwe faili moja.

Wewe mwenyewe unawekaje?

Diski ya nyumbani ni FLAC tupu. Simu ina Opus ya kilobiti 128, zilizotengenezwa kutoka kwenye hizo FLAC usiku mmoja nikiwa nimelala. Flashi ya gari la shemeji ni MP3 V2. Simu ikiibiwa, nimeibiwa simu. Muziki uko nyumbani.

Nyimbo zimeingia zote, lakini nusu hazichezi. Umeniharibia?

Lete kadi. Mara nyingi ni zile zilizoandikwa GB 128 kumbe ndani ni GB 8, zinazopokea kila kitu na kuandika juu ya kile cha mwanzo. Programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac itakuonyesha ukubwa halisi. Siku hizi napima kadi mpya mbele ya mwenyewe kabla ya kuweka hata wimbo mmoja, kwa sababu nimelaumiwa vya kutosha. Kwa FLAC kuna nafuu ya ziada: faili hubeba alama ya kujihakiki, na programu ya FLAC yenyewe inaweza kukuambia kama kuna hata biti moja iliyoharibika.

Bei ya FLAC na MP3 ni tofauti?

Ni ile ile. Kinachonichukua muda ni kaseti, maana haina njia ya mkato: dakika 90 ni dakika 90, na katikati lazima nigeuze upande. Kwa hiyo ukiniachia kaseti saa nne, usinipigie saa nne na nusu.